Nyama Iagizwe Kwanza, Kopo Baadaye

Hatukuwa tumetoka hata Kiserian simu iliposema kwamba kopo lililofichwa tunalolitafuta, kwa mchezo nitakaoueleza, liko kilometa 320 na ushee kutoka tulipo, kwa mstari ulionyooka. Injinia, aliyekuwa ameshika usukani na aliyekuwa ameweka mafuta kwa hesabu ya kilometa 150 kwenda na kurudi, aliegesha gari kando ya barabara, akazima injini, akageuka nyuma taratibu kama mzazi aliyesikia sahani ikivunjika jikoni.

"Nani aliandika hizi namba?"

Ziliandikwa na Shosh. Shosh si nyanya ya mtu. Ana miaka 29. Jina tulimpa kwa sababu ya mkoba wake, ambao haukosi sindano na uzi, chumvi, dawa ya kichwa, karatasi ya chooni na limau. Usiku wa kuamkia safari alikaa akinakili namba za makasha sita kwenye ramani ya simu, tarakimu moja moja, na hakukosea hata tarakimu moja. Alichosahau ni herufi. Mbele ya kila latitudo palitakiwa kuwa na S, ya kusini.

Sisi wa Nairobi tuko kusini ya ikweta, lakini tumeisogelea mno: digrii moja na dakika 17 tu. Ukiiacha ile S, simu haikwambii kwamba umekosea, maana huko unakoelekezwa kupo kweli. Inakukunja kama karatasi kwenye mstari wa ikweta na kukutua upande wa pili, umbali uleule. Sisi ilitutua kaskazini ya Maralal, pande za Bonde la Suguta, ambako Probox ya kuazima haina shughuli yoyote. Mtu wa Ulaya akilifanya kosa hilo anatupwa mbali kusini, mara nyingi baharini, anacheka, anarekebisha. Kwetu kosa linafanana kabisa na safari: liko Kenya, lina barabara mpaka mahali fulani, na kama hamjui jiografia mnaweza hata kuanza kulifuata.

Tulirekebisha palepale, namba moja baada ya nyingine, tukinywa uji wa wimbi wa mama mmoja aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Nikagundua jambo jingine Shosh alipokuwa akinisomea: namba hizi huandikwa kwa digrii, dakika, na vipande vya dakika, lakini simu nyingine husoma digrii na vipande vya digrii. Digrii moja na dakika 30 si moja nukta thelathini. Ni moja na nusu. Dakika moja ya latitudo ni kama mita 1,850 ardhini, kwa hiyo tarakimu ya tatu baada ya nukta ni hatua mbili za mtu mzima, na tarakimu ya kwanza ni matembezi ya kutoa jasho. Siku hizi sinakili kitu usiku. Nanakili mchana, na mtu wa pili ananisomea kwa sauti, herufi ikiwemo.

Niueleze mchezo, maana hata ndani ya gari watu wawili walikuwa bado hawajauelewa. Unaitwa jiokeshi. Mtu anaficha kopo au kasha mahali, anaandika latitudo na longitudo zake kwenye intaneti, na mtu mwingine yeyote duniani mwenye simu au kifaa cha GPS anaweza kuja kulitafuta. Ndani mna kijitabu. Unaandika jina lako na tarehe, unalirudisha ulipolikuta. Kukiwa na kikorokoro ndani, kama kishikio cha funguo au sarafu ya kigeni, unaruhusiwa kukichukua mradi uache kingine chenye thamani hiyo au zaidi. Basi. Hakuna zawadi, hakuna mshindi. Mweka Hazina wetu aliponisikia mara ya kwanza aliuliza, "Kwa hiyo tunachoma mafuta kwenda kuandika majina?"

Ulianza Mei mwaka 2000. Mpaka wakati huo jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, kiasi kwamba kifaa chako kingeweza kukukosea hata mita 100. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji huo ukome, na siku hiyohiyo vifaa vya watu vikawa vinaona vizuri. Tarehe 3 Mei, jamaa mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba zake. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa ndani ya ndoo ile lilikuwemo kopo la maharagwe. Leo kanuni zinakataza kuweka chakula kwenye kasha, kwa sababu wanyama hunusa na kulibomoa, na yeyote aliyewahi kunyang'anywa ndizi na nyani anaelewa. Lakini yale maharagwe yalinisaidia sana. Wenzangu hawakuwa na haja na kopo. Walikuwa na haja na mbuzi. Nikawaambia mchezo huu ulikuwa na chakula ndani yake tangu siku ya kwanza.

Tulikuwa watano. Wa sita alikuwepo kwenye kundi la WhatsApp mpaka Alhamisi usiku, akiandika "natuma jioni", na jioni yake haijafika hadi leo. Mweka Hazina alikuwa ameweka sheria moja: asiyetuma kwa M-Pesa kufikia Alhamisi saa tatu usiku hahesabiwi, hata kama gari ni la binamu yake. (Gari lilikuwa la binamu yake.) Kila mtu shilingi 2,500. Ilionekana ni ukali, lakini nimewahi kuwa kwenye safari ambazo pesa hukusanywa mezani baada ya kula, na hakuna kitu kinachoharibu ladha ya nyama kama kumwangalia rafiki yako akipekua mifuko ambayo wote mnajua haina kitu.

Hii haikuwa safari yetu ya kwanza ya namna hii. Mwaka uliotangulia tuliteremka barabara ya chini kuelekea Mai Mahiu, tukalipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka 1942, tukashinda kutwa nzima pande za Naivasha tukipekua mawe na mashina ya miti, kisha tukajisukuma hadi Kikopey, tukafika saa kumi na moja jioni na njaa ya kupigana. Mpango ulikuwa kwamba nyama iwe tuzo. Sasa nyama ya mbuzi haijali mpango wako. Ukiagiza kilo mbili Kikopey siku ya Jumapili, mchomaji atakwambia "dakika arobaini" na atakuwa anakuhurumia tu. Tulikula saa moja na nusu usiku. Tulipanda bonde gizani, katika ukungu na nyuma ya malori, na aliyekuwa akiendesha alikuwa ameshiba kupita kiasi. Sitaki kuikumbuka barabara ile.

Kati ya safari hizo mbili nilifanya mazoezi mjini, peke yangu. Karura, ule msitu ambao Wangari Maathai alishambuliwa akiutetea mwaka 1999, ulinifunza kwamba chini ya miti mirefu GPS hulewa: mshale unakwambia hatua kumi mbele, unapiga hatua kumi, unakwambia ishirini nyuma. Pale unaweka simu mfukoni na kuanza kufikiri kama mtu anayeficha. Je, ningekuwa mimi ningeweka wapi? Kwenye shimo la mti, chini ya jiwe lililokaa pasipo maana, nyuma ya kigogo. Macho hufanya kazi kuliko setilaiti katika mita kumi za mwisho.

Katikati ya mji ndiko nilikoaibika. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jengo fulani, mkono chini ya benchi ya chuma, nikipapasa. Wachezaji wa jiokeshi wana desturi ya usiri: usionekane, asije mtu asiyejua mchezo akaliona kasha akalitupa. Kwa hiyo nilikuwa nikipapasa huku nikijifanya nafunga kamba za viatu. Askari wa lango alinijia kwa upole.

"Mkubwa, umepoteza nini hapo?"

"Hapana, hakuna."

Hilo lilikuwa jibu baya kuliko yote. "Mtu ambaye hajapoteza kitu hatafuti," akasema, na hakuondoka. Na alikuwa na haki. Huu ni mji uliolipuliwa mwaka 1998. Mtu anayetia mkono mahali pasipoonekana na kusema hakuna kitu lazima aulizwe. Nilimwonyesha simu, nikamweleza, akanisikiliza hadi mwisho kwa uso wa mtu anayemsikiliza mlevi, kisha akaniambia nitafute kitu cha kufanya Jumamosi. Nilienda zangu bila kopo. Ningekuwa nimeanza kwa kumsalimu na kumweleza, pengine angenishikia tochi.

Turudi Kiserian. Kufikia saa nne namba zilikuwa sawa na tulikuwa Corner Baridi, upepo ukitusukuma milango ya gari, vilima vya Ngong nyuma yetu na bonde lote limetandazwa mbele, rangi ya ngozi ya simba. Kopo la kwanza tulilipata mbele kidogo ya hapo, dogo kama la filamu za kamera za zamani, limefinywa kati ya mawe mawili. Karatasi ndani yake ilikuwa imeviringwa kama uzi. Mtu wa mwisho kuandika alikuwa ameandika kwa Kijerumani, miezi kumi na mmoja kabla yetu. Tuliandika, tukapiga picha, tukalirudisha. Dakika kumi na mbili. Injinia alisema, "Ndilo hilo tu?" Nikamjibu ndilo hilo tu. Akacheka kwa namna iliyonionyesha kwamba amenaswa.

Hatua iliyofuata ndiyo niliyoipigania wiki nzima kwenye kundi: kuagiza nyama saa nne na nusu asubuhi, tukiwa hatuna njaa, tukiwa tunapita tu. Kwenye mabanda ya nyama pande za Olepolos tulisimama, tukaingia buchani, tukachagua mbavu na paja la mbuzi, kilo tatu, tukaona zikipimwa, tukalipa nusu. Mchomaji, mzee wa makamo mwenye aproni iliyokuwa nyeupe wakati fulani, aliuliza tutarudi saa ngapi.

"Saa tisa, mzee."

"Basi naweka motoni saa saba u nusu. Mkichelewa, nyama haingoji, inakauka."

Kisha, kwa sababu tulikuwa wateja na si wapita njia, alituambia mambo ambayo ramani haikuwa nayo: wapi mtandao wa simu unaanza kurukaruka, wapi pana mashimo baada ya mvua, na kwamba tujaze maji hapo kwake maana huko chini soda huuzwa moto. Tulijaza chupa zote. Ramani na maelezo ya makasha tulikuwa tumeyahifadhi kwenye simu tangu nyumbani, kwa hiyo mtandao ulipokata hatukutetereka. Jambo hilo nilijifunza Naivasha, kwa uchungu.

Nyama yenyewe niimalize hapa, ili nisije nikaipachika mahali pasipo pake. Tuliirudia saa kumi kasoro robo, tukiwa tumechelewa kwa sababu nitakayoieleza. Mbavu zilikuwa zimekauka pembeni, na mchomaji hakusema kitu, alitutazama tu. Lakini paja, alilokuwa amelisogeza mbali na makaa alipoona hatuji, lilikuwa bado na maji yake. Mbuzi wa huku anakula vichaka vya ukame, hana mafuta mengi, na nyama yake ina kauchungu kidogo kanakokaa nyuma ya ulimi. Ilikatwakatwa mbele yetu kwenye ubao, chumvi ikamwagwa pembeni, ugali ukaja katikati, kachumbari ya nyanya na kitunguu yenye dania nyingi, na Shosh akatoa limau mkobani. Hatukuongea kwa dakika kumi. Kisha ikaja supu, kwenye vikombe vya bati. Sina la kuongeza.

Kopo la pili ndilo lililotushinda. Maelezo yalisema liko kwenye kalavati karibu na kituo kidogo cha maduka, upande wa mbele baada ya Kisamis: vibanda vinne au vitano, tangi la maji, mti mmoja wa kivuli. Kasha hili lilikuwa kubwa kidogo, la plastiki lenye mfuniko wa kubana, kama la kubebea chakula cha mtoto wa shule. Watu watano walishuka kwenye gari, wakaenea kwenye korongo, simu mkononi, wakitembea polepole huku wameinamisha vichwa. Nilijiona tulivyo pale tu mzee mmoja alipotufikia, amejifunga shuka, fimbo mabegani.

Alitusalimu, tukamjibu. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mnapima?"

Sikuelewa. Mweka Hazina, ambaye ana shangazi Kitengela, alielewa mara moja. "Hapana, baba. Hatupimi shamba."

"Wale walikuja na simu hivyohivyo," mzee akasema. "Wakazunguka, wakaangalia chini, wakaenda. Baada ya miezi miwili kukaja waya."

Kajiado, kaunti tuliyokuwamo, ni nchi iliyokatwakatwa. Ranchi za pamoja ziligawanywa kuwa mashamba ya mtu mmoja mmoja, mashamba yakauzwa, mengi kwa watu wa Nairobi kama sisi, na ng'ombe wanakuta ua mahali walipopita mwaka jana. Katika nchi kama hiyo, wageni watano wanaozunguka na GPS bila kusalimu mtu hawachezi. Tulikuwa tumepanga kila kitu, mafuta, maji, nyama, ramani, na hakuna aliyepanga tutamwambia nini mwenye mahali. Mweka Hazina alimweleza yule mzee kwa maneno machache kuliko yangu: kuna mtu alificha mkebe hapa, una kitabu ndani, anayeupata anaandika jina. Mzee alifikiri.

"Na anayeuficha anapata nini?"

"Hapati kitu."

"Basi si wa kununua," akasema, na uso wake ukafunguka. Alitusaidia hata kutafuta, akichokora majani kwa fimbo. Hatukupata. Akasema mvua ilipita hapo kwa nguvu na maji ya kalavati hubeba hata mawe. Ilikuwa saa tano na nusu. Niliandika kwenye simu kwamba hatukulipata, tukaendelea.

Olorgesailie, eneo la mambo ya kale tulilokuwa tukienda, iko kilometa 70 hivi kutoka mjini, na unapofika umeshateremka kiasi cha kuvua koti, kisha sweta, kisha adabu. Joto linakaa juu ya kichwa. Udongo ni mweupe kama unga, mabaki ya ziwa lililokauka zamani mno, na juu yake, mahali palepale zilipoachwa, zimelala shoka za mawe kwa mamia. Louis na Mary Leakey, watafiti wa mambo ya kale, walianza kuchimba hapa miaka ya 1940, na wakaacha nyingi zilale zilivyokutwa. Unatembea juu ya daraja la mbao ukizitazama chini. Mwelekezaji wetu alituonya kabla hatujauliza: hapa hakiokotwi kitu na hakiachwi kitu. Kwa hiyo hapakuwa na mchezo, na sikusikitika. Alichotuambia kuhusu mawe meusi yanayong'aa kama kioo, obsidia, bado ninacho. Watafiti walichapisha mwaka 2018 kwamba watu wa hapa, miaka 300,000 hivi iliyopita, walikuwa wakitumia obsidia iliyotoka mbali, nyingine kilometa 90, hivyo pengine walikuwa wakibadilishana vitu na watu wa kwingine. Injinia alikaa kivulini akihesabu Probox ingehitaji lita ngapi kwa kilometa 90. "Na wao walitembea," akasema, "kwa jiwe."

Tuliondoka saa saba na robo. Muda ulikuwa mzuri, nyama ilikuwa inakaribia moto, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu safari ilikuwa inakwenda kwa ratiba. Tulipokikaribia kile kituo cha maduka, Shosh alisema anataka kitu cha baridi. Injinia akasema atasimama dakika tano, dakika tano tu, na mtu asile kitu, matumbo yana kazi. Tukaingia kwenye hoteli ya kwanza, ya mabati, benchi mbili, jiko la kuni nyuma. Ilikuwa hatua kama thelathini kutoka kwenye kalavati. Asubuhi tulikuwa tumeipa mgongo.

Mama mwenye hoteli alisema soda ni za moto. Tulinunua hivyohivyo. Alikuwa na kilemba cha kijani na macho ya mtu anayekumbuka madeni.

"Ni nyinyi mlikuwa mnatafuta kitu huko kwa mtaro?"

"Ni sisi, mama."

"Mbona hamkuuliza?"

Akaingia nyuma, akarudi na kasha la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Alisema lilizolewa na maji mwezi uliopita, mtoto anayechunga mbuzi akalileta, akitaka kuwekea chakula chake. Mama alipolifungua akaona kitabu, akamnunulia mtoto mkebe mwingine. Sasa kitabu chenye majina na tarehe, katika nchi hii, kila mtu anajua ni nini: ni chama, au ni matanga, au ni deni. Kimepotea, mtu mahali fulani analia. Alikiweka chini ya meza, kwenye mfuko wa sukari, angoje mwenyewe.

"Lakini nimekisoma chote," akasema, "sikuona pesa. Majina tu. Huyu hapa hata ametoka Poland. Nikajiuliza, ni chama gani hiki watu wanajiandika na hawatoi?"

Tulicheka hadi Shosh akaketi chini. Nikamweleza mchezo, wote, kuanzia ndoo ya Oregon, maharagwe yakiwemo. Alisikiliza akipangusa meza ambayo ilikuwa safi. Tukaandika majina yetu, na tarehe, tukamwomba naye aandike lake, akaandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini. Kasha tukamwachia, maana kalavati lingelizoa tena. Nilipomwandikia mwenye kasha jioni ile, alijibu baada ya siku mbili kwamba likae hapohapo kwa mama na kwamba atabadilisha namba.

Mama hakukifunga kitabu. Alirudi ukurasa wa kwanza, akaanza kuhesabu kwa kidole, kurasa zote, midomo ikitembea. Ilimchukua muda.

"Arobaini na tatu, pamoja na nyinyi," akasema. Akatazama mlango, akatazama mtaro, hatua thelathini. "Watu arobaini na watatu wamekuja mpaka hapa, wengine kwa ndege. Na hakuna hata mmoja alikula?"

Mweka Hazina aliangalia saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano. Alijaribu kumpigia mchomaji; mtandao haukuwepo. Injinia, yule aliyesema mtu asile kitu, alikuwa ameshavuta benchi.

"Kuna nini, mama?"

"Chapati na maharagwe."